Usaili saa 2:00 asubuhi, pasi iko wapi?

*Wasafiri wa Ngara na Biharamulo hufika Bukoba, Mwanza na Dodoma na suti iliyolaliwa na mizigo njia nzima. Sehemu kubwa ya dawa yake inapatikana kabla ya kupanda basi. Iliyobaki iko mikononi mwa wenye gesti na wenye ofisi.*

NYAKANAZI, Biharamulo. Basi lililotoka Ngara alfajiri limesimama ili abiria wanywe chai. Kijana mmoja hana haja na chai. Amemwomba konda amfungulie buti, amelitoa begi lake chini ya magunia mawili ya maharage, amefungua zipu na kuvuta koti la suti nyeusi.

Mkono wa kushoto una mikunjo mitatu iliyokatisha kwenye kiwiko. Kola imelala upande. Mgongoni kuna alama ya soli ya kiatu alichokipakia humohumo. Kesho yake saa 2:00 asubuhi anatakiwa kwenye usaili Dodoma, na basi litamshusha huko usiku. Hajajua atalala wapi, sembuse kama huko kuna pasi. Alilowesha kiganja kwa maji ya chupa, akalipangusa koti, akalikunja upya na kulirudisha kulekule lilikotoka.

Anayesafiri na nguo ya heshima kutoka wilaya hizi mbili si huyu peke yake. Yupo mtumishi wa halmashauri anayeitwa kikaoni Bukoba. Yupo wakili mwenye shauri Mahakama Kuu, diwani anayekwenda semina, mshenga anayepeleka barua ya posa Karagwe, na kwaya nzima inayokwenda kuimba harusini na sare zake ndani ya boksi moja. Wote wanasubiriwa na watu watakaowaangalia kabla ya kuwasikiliza.

Kwa anayetafuta kazi, jambo hili ni zito zaidi. Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 unataka mtumishi avae nadhifu na kwa heshima, na anayeingia kwenye chumba cha usaili anajua kwamba ameanza kupimwa kwa kipimo hicho kabla hata ya kuajiriwa. Mapema mwaka 2025 usaili wa walimu ulifanyika mikoani, na hilo lilikuwa nafuu kubwa kwa wazazi waliokuwa wakikopa nauli ya Dodoma. Lakini kwa mtu wa Rulenge, Kabanga au Nyakahura, hata Bukoba si jirani. Ni safari ya kuamka usiku.

Zamani basi lililala

Wenye umri wanakumbuka safari za hapa zilivyokuwa. Miaka ya ujambazi mabasi yalisubiriana na kupita msituni kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Tena sheria ilizuia mabasi kutembea usiku kucha, hivyo anayetoka Dar es Salaam kwenda Ngara alilala njiani, mara nyingi Kahama. Ilikuwa adha, lakini katika adha hiyo abiria alipata kitanda, ndoo ya maji na saa kadhaa za kutundika nguo ukutani. Asubuhi alimkuta dobi karibu na stendi na pasi yake tayari ina moto.

Mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio hilo, na kuanzia Oktoba mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ikaanza kuruhusu mabasi kusafiri saa 24. Juni 19, 2025 likafunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na foleni ya kivuko kwa wanaokwenda na kutoka Mwanza ikaisha. Safari imekuwa fupi, na hakuna mtu wa Biharamulo anayetamani kurudi kwenye kivuko. Ila ile saa ya dobi wa Kahama imekwenda na kulala njiani. Abiria wa leo anashuka stendi na mikunjo yake na kuingia nayo ofisini.

Mikunjo inazaliwa na nini

Pamba imejengwa kwa selulosi, minyororo mirefu iliyoshikana kwa vifungo dhaifu vya haidrojeni. Unyevu unavilegeza vifungo hivyo. Nguo ikibanwa ikiwa na unyevu, minyororo inasogea. Ikikauka hapohapo ilipobanwa, vifungo vinashika upya katika mkao mpya, na huo mkao mpya ndio mkunjo. Pasi inafanya kazi ileile kwa makusudi: inaleta joto na unyevu, inanyoosha, kisha nguo inapoa ikiwa imenyooka.

Kwa hiyo adui wa shati lako ni mambo matatu yanayokutana ndani ya buti la basi: jasho au unyevu, joto la injini na jua, na uzito wa mizigo ya wenzako. Ondoa hata moja kati ya hayo, shati litafika na nafuu kubwa.

Sufu ina tabia tofauti. Ni keratini, jamii moja na nywele zetu, na kila unyuzi umejiviringa kwa asili. Ukiibana inapinda, ukiiachia ikitundikwa inarudi. Poliesta nayo haipendi maji, hivyo unyevu hauipati kirahisi; haikunjiki ovyo, lakini ikishakunjwa kwenye joto kali mkunjo wake ni mkaidi. Kitani ndicho kinachoshindwa vibaya kuliko vyote, na anayesafiri nacho kutoka Ngara hadi Dodoma akubali mapema kwamba atakinyoosha upya.

Mashati ya pamba yanayouzwa kwa sifa ya kutohitaji pasi yana historia yake. Katikati ya karne iliyopita, mkemia Ruth Benerito na wenzake katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini New Orleans walitafuta namna ya kuifunga minyororo ile ya selulosi kwa vifungo vya kemikali vilivyo imara kuliko vya haidrojeni, ili unyevu usiweze kuilegeza. Pamba ilikuwa inapoteza soko kwa nyuzi za viwandani, na kazi yao ikasaidia kuirudishia wateja. Shati la namna hiyo ukilipata kwenye mtumba, usiliache.

> Sufu ukiibana inapinda, ukiiachia ikitundikwa inarudi. Pamba inangoja pasi.

Fundi, konda na dobi

Uliza stendi ya Benaco, Ngara, au Biharamulo mjini nani alaumiwe kwa suti iliyokunjamana, utapata majibu matatu.

Fundi cherehani anamlaumu mnunuzi. Kwake yeye, vita huamuliwa dukani, pale mtu anapochagua kitambaa kwa rangi badala ya kukipima. Kipimo chake ni rahisi: kamata pembe ya kitambaa, ikaze kwenye ngumi, hesabu taratibu hadi kumi, achia. Kikirudi, kinafaa safari. Kikibaki na nyufa, ni cha kuvalia mjini kwako. Kwenye marundo ya mitumba ya magulio yetu kipimo hiki kina thamani kubwa, kwa sababu humo hupatikana makoti ya sufu halisi kwa bei ambayo dukani haikununulii hata suruali mpya ya poliesta. Vijana wengi huyaacha kwa sababu si ya kubana mwili. Koti la sufu lililopunguzwa kiuno na fundi anayejua kazi litamfikisha Dodoma likiwa zima, na lile jipya linalong'aa halitamfikisha hivyo.

Konda anamlaumu abiria. Anasema kila mtu anataka begi lake liwe juu, na juu hapawezi kuwa pa watu wote. Ana hoja. Lakini mzigo wa ndizi na magunia ya maharage kuwekwa juu ya begi la nguo ni uzembe wa kupanga, na abiria ana haki ya kusema kabla buti halijafungwa. Kusema kwa adabu, mapema, wakati konda bado ana nafasi ya kusogeza, kunasaidia kuliko kulalamika Nyakanazi.

Dobi anasema mpeni yeye kazi. Kwake hakuna nguo iliyoshindikana. Iliyopo ni nguo iliyoletwa kwa kuchelewa.

Kuna kundi la nne, na ni la wazee wa utumishi. Hawa wanaona mjadala wote umesababishwa na vijana kuiacha Kaunda suti. Vazi hili lililopata jina kwa Rais wa kwanza wa Zambia lina mikono mifupi, halihitaji tai, na aghalabu halina bitana nzito wala mabega ya sponji ya kuvunjika. Linafuliwa jioni kwenye beseni, linatundikwa, asubuhi linavaliwa. Kwa vikao vya halmashauri na kwa mshenga, nakubaliana nao kabisa. Kwa wakili haliwezekani, na kwa kijana wa miaka 24 anayeogopa kuonekana wa zamani, ushauri huo utapita pembeni ya sikio.

Wanawake kwa upande wao wamelitatua jambo hili kwa utulivu zaidi. Gauni la kitenge chenye maua mengi lina pamba ileile inayokunjika, ila jicho haliuoni mkunjo ndani ya maua. Anayelazimika kuvaa blauzi nyeupe na sketi ya rangi moja ndiye mwenye kazi.

Namna ya kupakia

Kosa la kwanza hutokea nyumbani usiku wa kuamkia safari. Mtu ananyoosha shati, linanukia pasi, na kabla halijapoa analikunja na kulisukuma kwenye begi. Bado lina joto na mvuke, kwa hiyo linashika umbo la begi. Nguo iliyotoka kwenye pasi itundikwe hadi ipoe na kukauka kabisa, ikiwezekana usiku mzima.

Suruali iwe ya kwanza. Ilaze chini ya begi kwenye mstari wake wa pasi, nusu ikiwa ndani na miguu ikining'inia nje. Panga nguo nyingine juu yake, kisha rudisha miguu ya suruali juu ya nguo hizo. Kwa njia hiyo haina mkunjo mkali popote, kwa sababu imezunguka kitu chenye unene.

Shati lifungwe kifungo cha juu, cha kati na cha chini. Ndani ya kola zungusha mkanda wa suruali au soksi zilizoviringwa, ili kola isilale. Mikono ikunjwe mgongoni bila kuvutwa.

Koti linahitaji uangalifu kuliko vyote. Toa kila kitu mifukoni. Shika koti kwa mabega, geuza bega moja ndani-nje, kisha ingiza bega la pili ndani ya lile lililogeuzwa, kola zilingane. Sasa bitana iko nje na uso wa koti uko ndani, salama dhidi ya vumbi. Weka katikati kanga au taulo iliyoviringwa, kunja koti mara moja tu juu yake, liweke juu kabisa ya begi. Lile vumbi jekundu la kiangazi litakaa kwenye bitana, na bitana hupanguswa.

Kanga ni kifaa ambacho wengi wanacho na hawakitumii. Ikiwekwa kati ya nguo na nguo inapunguza msuguano, na msuguano ndio unaoshika kitambaa kikapinda wakati begi linapotikiswa kwenye makorongo. Viatu vifungwe peke yao. Gazeti lisikae karibu na shati jeupe, maana wino wake unahamia kwenye nguo ikipata unyevu. Begi nalo lijae kiasi cha nguo kutocheza. Begi kubwa lenye nguo mbili huzigonga huku na huko njia nzima.

Kwenye michomoko, yale magari madogo ya abiria, na kwenye bodaboda hakuna buti la kulindia chochote. Hapo njia bora ni kulitundika koti kwenye henga, kulifunika kwa kanga kuanzia juu, na kulishika mkononi. Kulivaa ukiwa umepakatana na watu wanne kwenye kiti cha watatu ni kulikunja mgongoni na kwenye viwiko kwa jasho lako mwenyewe.

> Nguo iliyotoka kwenye pasi itundikwe hadi ipoe kabisa. Ikiingia begini na joto, inashika umbo la begi.

Nailoni haivuki Rusumo

Madobi wengi humkabidhi mteja suti ndani ya nailoni nyembamba, na si bure. Nailoni inateleza, inashika hewa kidogo ndani yake, na nguo iliyomo inasogea bila kukunjika. Kwa safari ya ndani inasaidia. Kwa anayevuka Daraja la Rusumo kwenda harusini Kigali au Kirehe ni habari nyingine: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na wasafiri hunyang'anywa mifuko hiyo mpakani. Kufunua suti kwenye meza ya ukaguzi, ukiwa na haraka na foleni nyuma yako, ni kuharibu kazi yote uliyoifanya nyumbani.

Tanzania nayo iliondoa mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 1, 2019. Mfuko wa suti wa kitambaa unashonwa na fundi yeyote kwa dakika chache kutoka kwenye shuka kuukuu: mshono wa mabega, tundu la henga juu, zipu au vifungo mbele. Unafuliwa, unavuka mpaka, na unadumu miaka.

Pasi ya mkaa bado ina heshima yake

Umeme Ngara na Biharamulo umepiga hatua. Wilaya hizi zilizotegemea jenereta sasa ziko jirani na mradi wa Maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya umeme inaungana na gridi ya taifa Nyakanazi. Hata hivyo umeme hukatika, na vijijini pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kwenye kilango cha mbele, haijastaafu.

Anayeijua hutazama mambo mawili. Kwanza, mkaa uwe umeshika wote na kugeuka mwekundu, usiwe unaendelea kutoa moshi na cheche. Pasi itikiswe nje, upande ambao upepo unaondoa majivu. Pili, kabla ya kugusa nguo, ipitishwe juu ya jani bichi la mgomba. Jani lina nta ya asili inayofanya uso wa pasi uteleze, linaondoa masizi, na mlio wake unamwambia mpigaji joto limefikia wapi. Mgomba hauna uhaba Kagera. Suti ya poliesta iwekewe kitambaa chenye unyevu juu, la sivyo itang'aa pale ilipoguswa, na mng'ao huo hautoki tena.

Kupiga pasi kuna faida nyingine isiyohusu unadhifu. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, na mabuu yake huingia chini ya ngozi na kutengeneza majipu. Joto la pasi linayaua mayai hayo. Msafiri aliyefua gestini na kuanika uani apige pasi hata nguo za ndani, hasa kwenye mishono.

Pasi ikikosekana kabisa, kuna mvuke. Gesti za Ngara hutoa maji ya moto kwa sababu ya baridi ya vilimani. Mimina maji yanayochemka kwenye ndoo ndani ya bafu dogo, funga mlango, tundika koti mbali na ndoo kwa dakika 15 au 20, kisha litoe likapoe bila kuguswa. Sufu itarudi vizuri, poliesta nyepesi itarudi kiasi. Shati la pamba litahitaji kunyunyiziwa maji kwa chupa ya kupulizia ya saluni na kuvutwa taratibu kwa mikono likiwa limetundikwa. Kola inaweza kunyooshwa kwa pasi ya nywele. Suruali ilazwe chini ya godoro kwenye mstari wake, kama waliosoma shule za bweni walivyofanya kila Jumamosi kujiandaa na ibada.

Uniti moja ya LUKU

Haya yote ni jitihada za msafiri. Nimeingia gesti nyingi za njia hii nikiuliza pasi, na jibu la kawaida ni kwamba ipo kwa mwenye nyumba, au ilikuwapo ikaharibika, au inakula umeme.

Tupige hesabu. Pasi ya kawaida ya wati 1,000 ikitumika robo saa inakula robo ya uniti. Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa TANESCO ni takribani shilingi 350 pamoja na kodi. Mgeni aliyenyoosha suti yake amemgharimu mwenye gesti chini ya shilingi 100. Hofu ya shuka kuunguzwa ni ya kweli zaidi, maana mgeni asiye na meza hupiga pasi kitandani. Dawa yake ni meza moja ukumbini, blanketi kuukuu juu yake, na pasi iliyofungwa kwa mnyororo kama wenye nyumba wanahofia kuibiwa. Gesti ya Benaco au Nyakanazi itakayoandika mlangoni kwamba pasi ipo itapata wageni wa usaili na wa harusi bila kupunguza bei ya chumba.

Wenye ofisi nao wana sehemu yao. Barua ya kuitwa kwenye usaili humwambia mtu alete vyeti halisi na kitambulisho, na humtaka afike asubuhi na mapema. Anayeiandika anajua kabisa kwamba baadhi ya wanaoitwa wanatoka Ngara, na kwamba kwa nauli waliyonayo watashuka stendi usiku na kwenda moja kwa moja getini. Kumpima mtu huyo kwa mikunjo ya koti sambamba na aliyelala kwao mtaa wa pili ni kuwapima kwa mizani isiyo sawa. Halmashauri na shule zinazotumika kama vituo vya usaili zina vyumba vinavyofunguliwa mapema. Chumba kimoja chenye meza, soketi, ndoo ya maji na ndoano za kutundikia, kikifunguliwa saa 12:00 na kutajwa kwenye barua ileile ya mwito, kinatosha kwa wote watakaofika na begi.